Tusifunge Ekseli za Jeshi Bila Hesabu

Kuna swali ambalo nimeulizwa zaidi ya mara moja na wanafunzi wa shule za upili katika mwambao wa Ziwa Victoria, nami nimeona ni heri nilijibu hadharani kuliko kulinong'ona pembeni. Swali lenyewe ni hili: je, yafaa fundi achukue ekseli za lori kuukuu la kijeshi, azifunge chini ya gari dogo la kujiundia, ili gari hilo lipate kupita katika matope na mchanga ambamo magari mengine hukwama? Baadhi ya walimu wa fizikia wameniambia kwamba hulikwepa swali hilo darasani kwa kuwa halimo katika kitabu cha kiada. Mimi nasema limo, tena katika kurasa nyingi, ila limejificha chini ya majina mengine.

Jibu langu ni kwamba yafaa, kwa sharti moja ambalo wengi wa mafundi wetu hawalitimizi. Anayefunga ekseli hiyo sharti ajue, kwa hesabu wala si kwa kukisia, ni wapi gari lake litakapovunjika baada ya kuifunga. Ekseli nene haiondoi kuvunjika. Hukuhamishia mahali pengine, na pengine hapo huenda pakawa ni breki.

Msomaji asiyeijua Usenge anapaswa kufahamu kwanza kwa nini swali hili limezuka huko. Usenge ni mji wa uvuvi katika nchi ya Yimbo, kaunti ya Siaya, mkabala na kisiwa cha Mageta, wala si mbali na kilima cha Got Ramogi ambacho wazee wa Kijaluo hukitaja kuwa makao ya kwanza ya wahenga wao katika nchi hii. Uhai wa mji ni mbuta na omena. Mbuta asiyewahiwa na barafu hupoteza bei kadiri jua linavyopanda, na omena anayenyeshewa kabla ya kukauka huishia kuwa chakula cha kuku. Kati ya ufuo na barabara kuna mchanga unaodidimia, na ndani zaidi kuna udongo mweusi wa mfinyanzi ambao wakati wa masika huishika tairi kama gundi. Mwaka 2020, ziwa lilipofura hadi kukifikia kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, sehemu nyingi za mwambao zilimezwa, na vijia vilivyozoeleka vikawa vinamasi. Mtu akikosa njia hutafuta gari lisilohitaji njia. Hilo ni jambo la kueleweka, na yeyote anayewacheka vijana wa Usenge kwa kulitamani gari kama hilo hajapata kuona samaki wa shilingi elfu kadhaa wakiharibika mita mia tatu kutoka barabarani.

Katika gereji moja ya uwanjani nilionyeshwa chesisi ya Land Rover fupi iliyovuliwa bodi yote. Kando yake zililala ekseli mbili za lori la magurudumu manne yavutayo, zenye rangi ya kijani iliyokuwa ingali inachungulia chini ya kutu. Nilimwuliza fundi mkuu ekseli zile zilikuwa na uzito gani.

"Japuonj," akaniambia, yaani mwalimu, "wanaume sita ndio walioishusha moja. Hiyo ndiyo mizani yetu."

"Na breki utaifanyaje?"

"Breki tutaiona mbele."

Sikumtajia jina lake wala simtaji hapa, maana hana kosa la peke yake. Jibu la kuiona breki mbele nimelisikia Kisumu, nimelisikia Eldoret, na nimelisikia kutoka kwa watu wenye shahada.

Kabla sijaingia katika hesabu, niseme wazi kwamba sina dharau kwa kazi ya kuokota chuma na kukipa maisha ya pili. Mkokoteni wa hamali unaobeba magunia sokoni Kibuye, na mkokoteni wa punda unaochota maji vijijini, mara nyingi hukalia ekseli ya gari lililokufa. Aliyewaza kwanza kuichukua ekseli ile, akaifunga mbao juu yake, aliuondolea mgongo wa mwanadamu mzigo mkubwa kuliko ripoti nyingi za maendeleo. Lakini tuangalie jambo moja: ekseli ya gari dogo ikifungwa kwenye mkokoteni hupewa kazi pungufu ya ile iliyoundiwa. Haizungushwi na injini na haikimbii kilomita themanini kwa saa. Ndiyo maana mkokoteni uliweza kuundwa bila hesabu na usimwue mtu. Ekseli ya jeshi chini ya gari dogo ni kinyume chake. Yenyewe imepungukiwa kazi, lakini kila kilichofungamana nayo kimeongezewa.

Sasa tuhesabu. Nitachukua mfano wa ekseli za lori la Marekani liitwalo M35, kwa sababu hizo ndizo waundaji wa magari ya porini huko kwao wanazozipenda kuliko zote, na sifa zake zinajulikana. Lori hilo lilianza kuundwa karibu na mwaka 1950, likapewa kazi ya kubeba tani mbili na nusu nje ya barabara na mara mbili yake barabarani. Ekseli yake moja, pamoja na habu na ngoma za breki, huwa na uzito wa kilo 300 au zaidi. Uwiano wa gia katika difu ni 6.72, yaani propela huzunguka mara 6.72 ili gurudumu lizunguke mara moja. Tairi lake lina kipenyo cha karibu mita 1. Land Rover kuukuu la Uingereza, kwa upande wake, lilikuwa na uwiano wa 4.7 na tairi la kipenyo cha kama sentimita 81, na gari zima likiwa tupu lilikuwa na uzito uliozidi kidogo kilo 1,300.

Mwanafunzi mwepesi ameshaona jambo la kwanza. Ekseli mbili za lori ni kilo 600, karibu nusu ya uzito wa gari zima la mwanzo, kabla hujaweka tairi, kabla hujaongeza vyuma vya kuzishikilia, na kabla samaki mmoja hajapanda.

Jambo la pili ni nguvu. Tuseme injini yatoa msokoto wa nyutoni-mita 160, gia ya kwanza ni 3.6, na gia ya chini ya kuvutia magurudumu yote ni 2.3. Msokoto ufikao kwenye propela ni kama nyutoni-mita 1,325. Kwa difu ya zamani ya 4.7, magurudumu hupata takriban 6,230. Kwa difu ya jeshi ya 6.72 hupata takriban 8,900. Hapo fundi hupiga makofi. Asipige bado. Nguvu inayoisukuma ardhi hupatikana kwa kugawanya msokoto huo kwa nusu ya kipenyo cha tairi, na tairi jipya ni kubwa. Gawanya 6,230 kwa mita 0.405, utapata nyutoni kama 15,400. Gawanya 8,900 kwa mita 0.5, utapata 17,800. Faida yote ya ile difu nzito, iliyoonekana kuwa karibu nusu, imebaki asilimia kumi na sita hivi. Sehemu kubwa imeliwa na tairi. Kisha kumbuka kwamba gari limeongezeka uzito kwa theluthi au zaidi. Injini ile ile, yenye miaka yake, sasa inaburuta mzigo mzito zaidi kwa nyongeza ndogo ya nguvu.

Je, hakuna faida basi? Ipo. Tairi kubwa huinua tumbo la gari juu ya ardhi na kusambaza uzito juu ya matope. Ukifunga tairi kubwa juu ya ekseli ndogo, hafu shafti hukatika siku ya kwanza tairi linaponaswa na mzizi, kwa kuwa mkono wa msokoto umerefuka na tairi limekataa kuteleza. Hiyo ndiyo sababu halali ya kutafuta ekseli nene, na wanaoifanya kazi hii kwa ujuzi hawana nyingine. Ekseli hufuata tairi, tairi hufuata ardhi. Wale wanaoanza na ekseli kwa sababu imepatikana kwa bei nafuu mnadani, kisha wakaitafutia gari, wameanzia mwisho.

Tuifuate sasa ile nguvu iende ikavunje nini. Zamani, gari dogo lilipokwama, tairi liliteleza, na kule kuteleza kulikuwa kama pumzi inayotoka. Sasa tairi la mita 1 lenye uzito juu yake linashika. Injini ikisukuma kwa pupa, mshtuko hautoki kwa tairi wala haukati hafu shafti ya jeshi, ambayo ni nene kama mpini wa jembe. Unarudi nyuma: kwenye viungo vya propela, kisha kwenye giaboksi. Propela ikikatika ikiwa inazunguka, huwa rungu lisilo na mshikaji, nayo hupita chini ya viti vya abiria. Tena mwendo wake umeongezeka. Kwa kilomita 60 kwa saa, propela ya gari la zamani huzunguka kama mara 1,850 kwa dakika. Ya gari jipya, kama mara 2,140. Propela fupi, iliyokatwa na kuchomelewa upya kwa kukadiria macho, ikiwa na pembe kali kwa sababu difu imepanda juu, haitavumilia hivyo muda mrefu. Hesabu hiyo ni ya kidato cha pili. Inahitaji tu mwalimu atakayeiandika ubaoni.

Nije kwenye breki, kwa maana hapa ndipo usingizi unaponitoka. Lori la kijeshi la aina hiyo lilifungwa breki za mafuta zikisaidiwa na hewa. Silinda za magurudumu yake ni kubwa, zahitaji mafuta mengi, na hewa iliyoshindiliwa ndiyo iliyokuwa ikimsaidia mguu wa dereva. Fundi wa uwanjani huzifunga kwenye silinda ndogo ya Land Rover. Kanuni ya Pascal haina huruma: silinda ndogo ya kanyagio, ikisukuma mafuta kwenda silinda kubwa, hutoa nguvu nyingi lakini kwa mwendo mfupi mno. Kanyagio hufika sakafuni kabla pedi za breki hazijaigusa ngoma. Dereva hukanyaga mara mbili, mara tatu, kama anayepiga pampu ya baiskeli. Mteremko haungoji mara tatu.

Kwa kukwepa shida hiyo, baadhi ya waundaji huko Marekani wamebuni njia nyingine. Huondoa ngoma zote za magurudumu na kuweka diski moja ya breki pale propela inapoingilia difu. Kwa kuwa difu huzidisha mara 6.72, diski ndogo yatosha kulisimamisha gari zito. Ni ubunifu wa kupendeza, na kwa gari la michezo linalotambaa juu ya majabali kwa mwendo wa kinyonga, pengine wafaa. Lakini breki hiyo hulifikia gurudumu kwa kupitia difu na hafu shafti. Hafu shafti moja ikikatika, difu ya kawaida hulizungusha lile pande lililokatika bure, na magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo hubaki bila breki. Ajali na kinga ya ajali zimefungwa kwenye chuma kimoja. Gari la namna hiyo lisiruhusiwe kubeba mama wa omena na watoto wake kutoka ufuoni, hata kama limepakwa rangi nzuri na kuandikwa jina la Biblia ubavuni.

Kuhusu kupinduka, sitakawia. Wanafunzi wa trigonometria wachukue upana kati ya magurudumu, waugawanye kwa mbili, kisha wagawanye kwa kimo cha kitovu cha uzito; watapata tanjenti ya pembe ambayo gari likiifikia litaanguka ubavu. Kwa upana wa mita 1.6 na kimo cha mita 0.8, pembe ni nyuzi 45. Kimo kikiwa 1.1, ni nyuzi 36. Wakisimama watu juu ya masanduku ya samaki, kimo kikapanda hadi 1.4, zabaki nyuzi 30 hivi, na hiyo ni kabla springi na tairi hazijabonyea. Haki inanitaka niseme kwamba ekseli nzito, kwa kuwa ziko chini, huvuta kitovu cha uzito chini kidogo. Hilo ni jema moja la uzito wake, na mafundi hulitaja kwa haki. Wasilolitaja ni kwamba uzito huo haubebwi na springi; kila shimo hupigwa kwa nyundo ya kilo 300, na chesisi nyembamba ndiyo inayopokea pigo. Nyufa huanzia kwenye maungo yaliyochomelewa.

Halafu kuna ziwa. Magari ya Usenge hurudi kinyumenyume hadi majini kupokea mzigo wa mashua. Difu iliyopata moto barabarani ikizamishwa ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa na kuyavuta maji kupitia sili zilizochakaa. Baada ya wiki mbili, fungua nati ya chini utoe mafuta: yatakuwa na rangi ya chai ya maziwa. Dawa yake ni mpira mwembamba wa kupumulia, uliofungwa kwenye tundu la difu na kupandishwa juu hadi usawa wa boneti. Ni kazi ya nusu saa na gharama ndogo kabisa. Sijawahi kuuona mpira huo kwenye gari hata moja kati ya yale niliyoyatazama mwamboni.

Wapo watakaosema kwamba natia watu woga, na kwamba chuma cha vita ni chuma cha vita. Hao ningewapeleka Kongwa, nchini Tanzania. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 mradi mkubwa wa kulima karanga huko Tanganyika. Matrekta yalikuwa haba, basi kampuni ya Vickers-Armstrongs ikaunda trekta kwa vipande vya vifaru vya Sherman, ikaliita Shervick. Kulikuwa na sababu nyingi za kushindwa kwa mradi ule: mvua haba, mipango iliyofanywa kwa haraka, na udongo ambao kiangazi uligeuka kuwa kama saruji na kuzila mashine. Ila lile trekta la kifaru halikuuokoa. Mnamo Januari 1951 mradi ulifutwa, na hasara iliyoandikwa ilikuwa ya takriban pauni milioni 36. Kifaru kiliundwa kivuke uwanja wa vita kwa siku chache kikiwa na jeshi zima la mafundi nyuma yake. Shamba ni kazi ya kila siku, mwaka baada ya mwaka, na fundi yuko mbali.

Mfano wa pili ni kinyume, nao unanipendeza zaidi. Gari la Unimog, ambalo leo majeshi mengi duniani hulitumia na ambalo ekseli zake hutafutwa sana na waundaji wa magari ya porini, halikuzaliwa jeshini. Mjerumani Albert Friedrich alilibuni mara tu baada ya vita kwa ajili ya mkulima, na upana kati ya magurudumu yake, milimita 1,270, ulipimwa ulingane na matuta mawili ya viazi. Ekseli zake huketi juu kuliko kitovu cha gurudumu, kwa kuwa kuna gia ndogo kwenye kila habu inayoishusha nguvu chini. Hivyo tumbo la gari huinuka bila kuhitaji tairi kubwa kupita kiasi. Mtu alianza na tuta la viazi, akapima, ndipo akachora ekseli. Jeshi lilikuja baadaye likipiga hodi.

Hapa Kenya tunao uwanja ambapo magari ya namna hii hujaribiwa hadharani, nao ni mashindano ya Rhino Charge yaliyoanza mwaka 1989 ili kuchanga fedha za kuuzingira kwa ua msitu wa Aberdare, kazi iliyokamilika mwaka 2009. Huko mshindi si mwenye mbio. Ni yule anayevifikia vituo vyote kwa muda wa saa kumi akiwa amesafiri umbali mfupi kuliko wenzake, kwa kukata moja kwa moja katika makorongo na vichaka. Magari mengi yaliyobadilishwa yameundwa kwa fedha nyingi na kwa uangalifu mkubwa, na waliomo hujifunga mikanda ndani ya vizimba vya chuma. Wenye nacho hufanya haya kwa siku moja kwa mwaka, tena kwa hisani. Mchuuzi wa samaki angeyafanya kila alfajiri, bila kizimba, bila mkanda. Hakuna aliyemwandikia mchuuzi huyo kanuni.

Je, sheria inasemaje? Gari lililobadilishwa umbo lake sharti likaguliwe na maelezo yake mapya yaandikishwe, chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, na usimamizi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Bima nayo hutaka kuambiwa. Tena, anayenunua ekseli ya jeshi ahakikishe ana karatasi. Mali ya serikali huuzwa kwa zabuni au mnada, na biashara ya vyuma vikuukuu ina sheria yake ya mwaka 2015. Tunakumbuka jinsi biashara hiyo ilivyosimamishwa nchini kote Januari 2022 baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa. Fundi asiye na risiti hana pa kujitetea.

Lakini sheria humkuta fundi akiwa amekwisha kuchomelea. Anayepaswa kumkuta mapema ni shule. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, wazazi walijenga karakana kwa harambee ili watoto wajifunze useremala na ufundi wa chuma. Karakana nyingi ziliishia kuwa stoo za mahindi na madawati yaliyovunjika. Serikali ile ile, mwaka mmoja baadaye, iliagiza Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Nyayo Pioneer likaonyeshwa umma mwaka 1990, nalo halikupata kuuzwa. Tulitaka tunda huku tukiugeuza mti kuni. Sasa tuna mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, wenye somo la ufundi awali katika shule za sekondari msingi, na walimu wanalalamika, kwa haki, kwamba hawana vifaa vya kulifundishia.

Vifaa vipo. Ninapendekeza kwamba malori ya kijeshi yanapostaafishwa, ekseli, difu na giaboksi chache zitengwe kabla ya mnada, zipelekwe katika vyuo vya ufundi na shule zenye karakana, ziandikwe katika daftari la mali ya shule na zisiuzwe. Wizara ya Ulinzi haitafilisika kwa hilo. Chuo kikuu kilichoko Bondo, kilichopata hati yake mwaka 2013 na kupewa jina la Jaramogi Oginga Odinga, hakiko mbali na Usenge. Wahadhiri wake na mafundi wa ufuoni wanaweza kukutana Jumamosi moja kwa mwezi bila kamati. Jaramogi mwenyewe alikuwa mwalimu huko Maseno kabla ya kuanzisha Luo Thrift and Trading Corporation mwaka 1947, na sidhani angeona haya kuvua koti mbele ya difu iliyofunguliwa.

Wakati tunangoja serikali, kila shule ya mwambao inaweza kuanza muhula huu na ekseli yoyote iliyotupwa kijijini. Ipimeni uzito kwa mizani ya samaki, upande mmoja kisha upande wa pili, mjumlishe. Tieni alama ya chaki kwenye propela na kwenye magurudumu yote mawili, mhesabu propela inazunguka mara ngapi magurudumu yote yakizunguka mara moja. Mwalimu awatahadharishe kwamba gurudumu moja likizuiwa, lile jingine huzunguka maradufu, na hesabu itatoka nusu ya uwiano wa kweli. Mwulizeni sababu yake kabla hajawauliza ninyi. Nati za upande wa kushoto zikikataa kulegea msizivunje, kwani malori mengi ya kale ya kijeshi yalikuwa na hesi za upande huo zilizogeuzwa kinyume. Kisha nileteeni hesabu zenu kwa barua. Nitazichapisha katika safu hii, zilizo sahihi na zilizokosewa, pamoja na jina la darasa.